Lusweti wa Kianda na Maharagwe Meusi ya Mkebe wa Wacera

Tegeni masikio, enyi wapangaji wa Kianda na Lindi huku Kibera, enyi mnunuao maji kwa mtungi na kulala chini ya mabati. Nanyi wa Kawangware mliovuka matope kuja kusikiliza, ingieni, msogeleane. Zimeni redio, epueni sufuria, mnyonyesheni anyonyaye na mnyamazisheni aliaye, kwa kuwa kalamu yangu leo haiandiki habari za wafalme. Wafalme wameandikwa wakachosha. Naandika habari za Lusweti, fundi wa majiko, Mkunja Mabati, Bwana wa Nyundo Mbili, aliyeondoka Kianda asubuhi ya Jumamosi, mwezi wa Machi, katika mwaka ule ulioingia mvua ya El Nino ikiwa bado haijakauka ukutani, akaenda Kawangware kwa miguu yake mwenyewe kuyarudisha maharagwe.

Mtauliza ni nani aliyeniteua kuwa mwandishi wa tarikhi hii. Aliniteua mwenye ploti, siku aliponipangisha chumba kilichopakana na cha shujaa, tukatenganishwa na bati moja lenye matundu ya misumari. Mimi ni fundi cherehani. Cherehani likinyamaza, yasemwayo upande wa pili hunifikia yote, nipende nisipende. Napenda.

Kabla ya Lusweti kuzaliwa, kabla Kianda haijaona bati hata moja, palikuwa na uadui baina ya haragwe na kimelea wa udongoni. Kimelea huyu haonekani kwa jicho. Hulala ardhini akingoja mvua, na mvua ikizidi huamka, akaogelea katika maji yaliyo kati ya chembe za udongo hata aufikie mzizi, akauozesha. Mche ukageuka manjano, ukasinyaa, ukalala chini kabla haujatoa ua. Haragwe nalo halina miguu ya kukimbia wala mikono ya kujikinga. Lililo nalo ni walinzi, waliorithiwa ndani ya mbegu kutoka kwa mababu wa mababu zake, na kila mlinzi amefunzwa kuitambua sura ya adui mmoja tu. Akimwona hupiga mbiu, na pale palipoguswa hujifisha penyewe ili adui asipite. Naye adui, kizazi baada ya kizazi, hubadili sura, hata mlinzi akimtazama adhani ni mpita njia, na hapo maharagwe hufa shamba zima. Ila mara moja moja, ndani ya mbegu, mlinzi hunakiliwa akawa wawili, na yule wa pili, kwa kosa dogo la kunakili, akazaliwa na jicho jingine. Na jicho hilo, siku ya siku, likamtambua adui katika vazi lake jipya. Haragwe lenye jicho hilo husimama, likazaa. Yasiyo nalo hayaachi mjukuu. Vita hivi havijawahi kupoa hata siku moja, hata siku zile tulizokuwa tukigombana na mwenye ploti juu ya choo.

Haya sikuyazua. Niliyapokea kwa Audrey, binti wa jirani yetu Nereah, msomi wa kilimo, ambaye wakati ule alikuwa nyumbani kwa kuwa chuo kilikuwa kimefungwa kwa sababu ya ghasia. Aliyasema mlangoni pa Lusweti kwa sauti, na bati, kama nilivyotangulia kusema, lina matundu.

Mke wa Lusweti ni Musimbi, Binti wa Maragoli, Mwenye Jembe Fupi. Alikuwa na kijishamba chini ya ploti, ukingoni mwa kijito, kipana kiasi cha mlango wa kanisa uliolazwa. Hapo alipanda mbegu aliyopewa na mama yake mzazi, ambaye tangu ujana wake hupanda mchanganyiko kama alivyofanya mama yake naye: mekundu, ya madoadoa, ya manjano, na meusi machache madogo yaliyojipenyeza humo hakuna ajuaye lini. Meusi hayo yalidharauliwa. Hutia mchuzi weusi, na sokoni hakuna ayatakaye, basi mpishi huyachambua akayasukuma kando. Lusweti mwenyewe aliwahi kutangaza mezani kwamba mchuzi wake ni kama maji ya kuoshea jiko.

Ndipo ikanyesha El Nino. Kijito kikapanda, udongo ukalowa wiki baada ya wiki, na adui akaamka. Mekundu yakaanguka. Ya madoadoa yakaanguka. Ya manjano hayakupata hata kuota vizuri, na meusi nayo yakaanguka, yote isipokuwa mche mmoja, ambao uliukwea ua wa seng'enge kama mtu aliyesahau kuambiwa kwamba kuna msiba, ukatoa maua, ukazaa. Musimbi alivuna kutoka kwake viganja viwili vya punje nyeusi, akazianika juu ya bati katika ungo.

Haikuwa mbegu ya kupikwa. Kule Maragoli uozo ulikuwa umeyala maharagwe ya mama yake misimu mitatu mfululizo, na mama alikuwa amemtuma msafiri na maneno haya: "Mwambie Musimbi, nisipopata mbegu inayosimama, msimu huu napanda nyasi za ng'ombe. Maharagwe nitanunua sokoni, kama mtu asiye na kwao." Musimbi alipoyasikia alilia, akilitaja jina la bibi yake aliyempa mama ile mbegu. Nami upande wangu nilisimamisha cherehani, kwa maana si kila kilio ni cha kushonea nguo. Kisha akapeleka jibu: mbegu iko, nakuja nayo.

Jueni pia kwamba baina ya mkwe na mama mkwe, kwa watu wa Magharibi, kuna heshima nene kuliko ukuta wa matofali. Tangu aoe, Lusweti hakuwahi kumpa mkono mama huyo, wala kula naye chumba kimoja, wala kupokea kwake neno lolote lililosemwa moja kwa moja. Walistahiana kwa mbali tu. Kwa hiyo kumkosea mama huyo ni kumkosea mtu usiyeweza kumwomba msamaha.

Sasa isikieni sheria iliyomponza shujaa, kwa kuwa hakuponzwa na uovu; aliponzwa na adabu. Kwao Bungoma, na kwa Maragoli, na hata kwa Wakikuyu wa Kawangware, chombo cha mtu hakirudi kwake kitupu. Wacera, Mama Rachael, Malkia wa Kibanda cha Kona, anayemuuzia Lusweti majiko yake sokoni Kawangware, alikuwa amemletea Musimbi unga wa wimbi siku alipougua malaria, katika mkebe mdogo wa mafuta ya Kimbo. Musimbi akapona, uji ukaisha, mkebe ukabaki juu ya kabati ukiwatazama. Kisha Rachael, binti wa Wacera, akajifungua mtoto wa kiume. Na kila mtu Nairobi anajua kwamba mzazi wa Kikuyu hulishwa njahi, zile punje nyeusi nene zenye mstari mweupe mgongoni, ili maziwa yashuke. Musimbi akasema mbele ya mumewe, "Itabidi nimtafutie Rachael njahi."

Siku mbili tatu baadaye, ikiwa Ijumaa, Lusweti akijiandaa kupeleka majiko Kawangware, akapanda juu ya bati kuziba tundu, akauona ungo. Mtu wa Bungoma, aliyekuzwa kwa ugali na kuku, hakuwahi kupika njahi maishani mwake. Aliona nyeusi, akajua ni njahi. Akazimimina zote mkebeni, akafunika, akaenda zake Kawangware akijisifu njia nzima kwa kuwa mume anayekumbuka.

Jumamosi kulipokucha Musimbi akapanda kuuteremsha ungo, maana basi la Magharibi lilikuwa la jioni ile naye amekwisha kukata tiketi. Ungo ulikuwa mtupu. Akashuka nao mikononi.

"Baba Valary," alimwambia mumewe, "mbegu yangu iko wapi?"

"Si iko kwa chupa, na majivu yake? Mimi sijaigusa."

"Ya chupa ni ile ya zamani, ya kuoza. Nauliza ya ungo."

"Ya ungo si ni njahi ya Rachael? Nilipelekea Wacera jana." Kisha akaongeza, kwa sauti ya mtu anayengoja kusifiwa, "Sikurudisha mkebe wa wenyewe empty."

Hapo Musimbi akasimama katikati ya chumba, nami nikaweka sikio vizuri.

"Sikiza, wewe mwanaume. Na wewe mwenye uko huko nyuma ya bati, sikiza pia, najua hujalala. Mvua ilinyesha ikaosha Kibera yote. Maharagwe yangu ikaoza nikiona, nikanyamaza. Ikasimama moja. Hiyo moja nimeilinda na mbuzi ya jirani Oyoo, nimeilinda na kuku, nimeilinda na watoto wa ploti yote, nikaivuna na hii mikono. Mtu sikujua nitailinda naye ni bwana yangu. Kesho asubuhi mama ananingoja kwa stage. Nitashuka na nini? Nitamwambia mkwe wake ameipeleka Kawangware ikapikwe?"

Akaketi kitandani, akalia. Lusweti alisimama akiitazama mikono yake. Ndipo Audrey, aliyekuja kuomba kaa la moto, akasimama mlangoni na sepetu yake, akaulizwa, akajibu.

"Uncle, hiyo plant haikusimama kwa bahati. Ndani ya mbegu kuna jeni, hizo ndizo askari wake. Zile zingine zilikuwa na askari wa kumjua adui wa zamani, na huyu wa El Nino alikuja na sura ingine. Hiyo moja ndiyo ilikuwa na askari mwenye anamjua huyu. Pengine hakuna ingine Kibera mzima. Mkizipika, mmekula jeshi."

"Na nikipata zimeloweshwa?" Lusweti aliuliza.

"Kulowa si kufa. Lakini usizianike tena, hapo ndio zitakufa. Zikae na maji maji, zipandwe kesho. Na usizifinye, uncle, mche uko hapo ndani unaamka."

Lusweti akafunga mikanda ya akala zake, viatu vyake vya tairi. Akachukua nyundo, akaitafakari, akairudisha chini. Kisha akatoa kiapo chake, ambacho nimekinakili neno kwa neno.

"Mama Valary, nyamaza. Mimi ni mtoto wa Bungoma, na hii makosa ni yangu. Kama wamelowesha, nitazitoa kwa maji. Kama wamebandika, nitazitoa kwa moto. Na kama Rachael ameshaweka kwa mdomo..." Hapo akasita, kwa maana hata ushujaa una mpaka. "Basi tutajua huko."

Nikatoka chumbani mwangu nikasema nitamsindikiza, kwa kuwa vita visivyo na mwandishi ni ugomvi tu. Hakunikataza. Tukapita Olympic, ambako watu wenye mageti walitutazama bila kujua tarikhi inapita, tukapita Jamhuri, tukavuka barabara ya Ngong, tukakunja pale Dagoretti Corner tukaifuata Naivasha Road, ambayo wakati ule ilikuwa matope yenye vipande vya lami. Tope la Kawangware likamvua shujaa akala ya kushoto. Akaichomoa, akaivaa, likaivua tena. Akaishika mkononi akaendelea hivyo hivyo, mguu mmoja umevaa na mmoja uchi, na hakuna aliyemcheka kwa kuwa nusu ya watu wa barabara ile walikuwa katika hali hiyo hiyo.

Tulimkuta Wacera nyuma ya kibanda chake, mbele ya jiko. Na jiko lile, enyi wasikilizaji, alilitengeneza Lusweti kwa mikono yake, jiko linalosifiwa soko zima kwa kushika moto upesi. Maji yalikuwa yanatokota. Wacera alikuwa amepakata bakuli lililojaa punje nyeusi zilizolowa tangu jana, na amekwisha kuliinamisha. Kwa mara ya kwanza maishani Lusweti aliilaani kazi yake.

"Simama!" alinguruma, na muuza sukuma wiki wa upande wa pili akaangusha kisu.

Wacera akaliinua bakuli, akamtazama kuanzia kichwani hadi mguu ule usio na akala.

"Baba Valary. Umeingia kwa mzazi na kelele. Hujasalimia, hujanawa mikono, hujauliza mtoto ameamkaje. Haya. Unataka nini?"

Ndipo Lusweti akajinyoosha, akatoa hotuba aliyoitunga kuanzia Jamhuri. "Wacera, mama ya biashara, mama ya Kawangware, mtu wa heshima! Tangu nianze kukuletea majiko, nimewahi kukuletea yenye imepinda? Nimewahi kukuletea yenye haina miguu tatu? Hapana. Basi kwa hayo majiko yote, kwa huo urafiki wote, naomba leo unipe hizo maharagwe nilikuletea jana."

Wacera akaliweka bakuli mapajani, akalikumbatia kwa mikono miwili.

"Ngai! Nimeuza hapa tangu hii soko iwe shamba ya mtu, na sijawahi ona zawadi ya Ijumaa ikidaiwa Jumamosi. Tena kwa mzazi! Huyu mtoto akikua aniulize, 'Cucu, mbona mama alikosa maziwa?' nimwambie aje? Nimwambie mtu wa majiko alirudi na mguu moja akachukua? Chakula ya mzazi ikiingia hii nyumba haitoki. Hiyo ni mwiko, na wewe unaijua." Akapumua. "Na nilijua si njahi. Nani anaweza nidanganya njahi, mimi? Nilifungua mkebe nikaona. Lakini zawadi ni zawadi. Nikazichanganya na njahi yangu ndio ziive pamoja, ndio usiaibike."

Loo, adabu! Mtu mmoja alikosea kwa adabu, wa pili akalifunika kosa lake kwa adabu kubwa zaidi, na kati ya adabu hizo mbili mbegu ya bibi wa Maragoli ilikuwa karibu kuwa supu.

Lusweti akaitua akala yake. Akachuchumaa kwenye tope, na hotuba yote ikamtoka. Akasema kwa sauti ndogo, ambayo hata mimi ilibidi nisogee ili niisikie: "Mama Rachael, si zangu. Ni za mama mkwe. Maharagwe yake imeoza misimu tatu. Hii ndiyo ilisimama. Jioni hii Musimbi anapanda basi, na mimi ndiyo nimeharibu. Huyo mama siwezi hata kumwangalia machoni nimwambie pole."

Wacera aliinamisha kichwa. Alitazama ndani ya bakuli. Na hapo, kutoka nyuma ya pazia ambako hakuna mwanamume aliyeruhusiwa kuchungulia, ikasikika sauti ya Rachael, Mama wa Nderitu Mchanga, ambayo iliamua vita.

"Mami, si uwape! Wape na zangu zote! Tangu nitoke hosi ni njahi asubuhi, njahi lunch, njahi jioni. Kila mtu akikuja ni njahi. Nikiona kitu nyeusi naskia kulia!"

"Nyamaza, wewe bado ni mgonjwa," Wacera alisema. Lakini bega lake lilikuwa limeshuka. Akamgeukia Lusweti. "Mkono yangu haitoi chakula kwa mzazi. Utachagua mwenyewe, na njahi yangu isianguke hata moja. Na mkebe ni wangu bado. Uende na mbegu ya mama mkwe, sawa. Lakini hapa kwangu haurudi empty."

Akaliweka bakuli mbele yake, na maji juu ya jiko yakaendelea kutokota bure.

Zitazameni sasa zile pande mbili, nyeusi kwa nyeusi, zilivyochanganyikana. Njahi ni jamaa ya haragwe kwa mbali, ukoo mmoja wenye boma nyingi, nao pia wana walinzi wao na maadui wao wasiotuhusu leo. Zikiwa kavu, mtoto angezitenganisha. Haragwe ni dogo, njahi ni nene. Lakini maharagwe yalikuwa yamekunywa maji usiku kucha yakavimba upesi kuliko njahi zenye ngozi ngumu, hata yakafikia unene wa jamaa zake. Alama iliyobaki ni ule mstari mweupe wa njahi mgongoni. Kila punje ilipaswa kushikwa, kugeuzwa, kutazamwa, kuhukumiwa.

Na kushikwa na nani! Vidole vya Lusweti vimepondwa na nyundo tangu alipoacha shule. Kidole gumba chake cha kulia hakina ukucha wala hisia. Hukunja bati la pipa bila koleo. Punje ya kwanza aliyoishika ilipasuka, mbegu ikagawanyika vipande viwili, na kile kimche kilichokuwa katikati kikavunjika. Alikitazama kwa muda. Ya pili ikapasuka pia.

"Shika polepole," nilimshauri.

"Si uchague wewe, basi," alisema. Nikamkumbusha kwamba mimi ni mwandishi.

Hapo shujaa akafanya jambo ambalo fundi wa chuma hajifundishi kirahisi. Akaiosha mikono yake katika maji ya vuguvugu, akavipuliza vidole vyake kimoja kimoja kama mtu anayepoza uji wa mtoto, akaanza kuokota kwa ncha za vidole viwili vya mwisho, ambavyo nyundo ilikuwa imevisahau. Iliyo na mstari, bakuli jingine la Wacera. Isiyo na mstari, mkebeni. Moshi wa jiko lake mwenyewe ukamwingia machoni, hakupangusa. Wapagazi wa mikokoteni wakasimama kutazama. Muuza mitumba akauliza wanashindania nini. Kuku mwekundu wa jirani, Jemadari Mwenye Mdomo Mkali, akaja kutoka ubavuni akadona punje mbili moja kwa moja mkebeni kabla Lusweti hajamfukuza kwa akala. Na punje zile mbili, pamoja na walinzi wao wote wa kale, hazikuonekana tena duniani.

Jua lilikuwa utosini alipofikia ya mwisho. Ilikuwa chini kabisa ya bakuli, ngozi imelegea, na hakuna aliyeweza kusema ni ya nani. Wacera akasema ni njahi. Muuza mitumba akasema si njahi. Lusweti akailaza kiganjani, akaigeuza pole pole, watu wote wameinama. Haikuwa na mstari. Ilikuwa na kimkia cheupe kilichochungulia ubavuni, kifupi kuliko punje ya mchele.

"Imeamka," alisema. Macho yalimlowa, na safari hii moshi haukuwa na hatia.

Wacera akapasua kitambaa safi cha kumfutia mtoto, akakilowesha, akakitandika ndani ya mkebe juu ya mbegu kama mtu anayefunika mgonjwa. Akaufunga kwa mfuniko uliotobolewa msumari ili mbegu zipumue, na msumari ule ulikuwa wa Lusweti. Tukarudi Kianda. Shujaa aliubeba mkebe kwa mikono miwili mbele ya kifua, hakuukabidhi kwa mtu, hata mimi nilipojitolea. Akamkuta Musimbi mlangoni amekwisha kujifunga kitambaa cha safari. Akampa. Musimbi akafunua, akahesabu kwa macho, akafunika. "Umekula?" alimuuliza, na kwa maneno hayo amani ikarudi nchini.

Habari za Maragoli nilizipata baadaye kutoka kwa Musimbi mwenyewe. Mama yake ni mtu wa kanisa, ambaye jembe lake halikuwa limewahi kugusa udongo siku ya Bwana. Jumapili ile, kabla ya kengele, alizipanda punje zote katika shamba lile lile lililokufa misimu mitatu, akaomba ruhusa kwa sauti akiwa ameinama, kisha akaenda ibadani na udongo kwenye kucha. Mvua ikanyesha. Adui akaamka. Baadhi ya miche ikageuka manjano ikaanguka, kwa kuwa urithi, Audrey alisema, haugawiwi sawa kwa watoto wote. Mingi ikasimama. Mama alikuwa akienda kuitazama kila asubuhi kabla ya chai, akiishika shingo ya kila mmoja kwa vidole kuona kama umelegea.

Naye adui hajalala. Audrey anasema ataibadili sura yake tena, na siku hiyo jeshi hili nalo litamtazama limdhanie mpita njia, na itabidi jicho jingine lizaliwe mahali fulani, pengine katika punje nyingine inayosukumwa kando ya ungo. Nimeliandika hili ili asije mtu kusema tarikhi yangu inadanganya.

Mwezi wa Julai msafiri akafika Kianda na mkebe mdogo wa Kimbo uliofungwa kwa kamba ya katani. Tulikuwa wote mlangoni. Lusweti akakata kamba, akafunua. Ulikuwa umejaa maharagwe meusi mpaka ukingoni, makavu, yanang'aa, na juu yake kimelazwa kile kitambaa cha mtoto, kimefuliwa na kukunjwa. Hakuna aliyetaja mchuzi mweusi.

"Kuna maneno pia," msafiri alisema, akajiweka sawa kama mjumbe. "Si ya Musimbi. Ni ya mkwe."

Lusweti akasimama. Tangu aoe, mama yule hakuwahi kumtumia neno.

"Amesema: mwambie mkwe wangu asante. Na mwambie, hizi si njahi."

Basi na liandikwe, kwa wino wa fundi cherehani, kwamba mkebe wa Wacera haukurudi mtupu. Jumamosi iliyofuata Lusweti wa Kianda, Mwokozi wa Mbegu, Mwenye Vidole Viwili Vilivyosahauliwa na Nyundo, aliubeba hadi Kawangware mbele ya kifua chake, akala zote mbili miguuni, na kila aliyekutana naye njiani akiuliza amebeba nini alimjibu kabla hajamaliza kuuliza.